Kyubu 41 zilizobaki kwenye tenki

Maabara yetu ya zege ilikuwa na daftari moja, kaunta buku lenye jalada lililokakamaa kwa saruji. Kyubu ni bonge la zege la mraba kila upande, linalopondwa kwa mashine ili kupima nguvu ya zege. Kila kyubu inayovunjwa huandikwa humo kwa kalamu: namba yake, siku iliyomwagwa, siku iliyovunjwa, uzito, mzigo iliobeba na namna ilivyopasuka. Kama haimo kwenye daftari, haijavunjwa. Mimi niliandika kwenye utafiti wangu nguvu za kyubu 41 ambazo hazikuwa kwenye daftari hilo. Namba zake nilipewa na programu ya akili mnemba, usiku mmoja, ndani ya dakika moja. Naeleza yote ilivyokuwa kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi wanaoanza utafiti sasa, kwa sababu njia niliyopita ina mteremko na mtu hauoni mpaka ameshafika chini.

Nilianza Septemba 2023, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam. Swali langu lilikuwa hili: mtu akijua saruji, mchanga, kokoto na maji yaliyoingia kwenye mchanganyo, je, programu inaweza kumwambia mapema zege litafikia nguvu gani siku ya 28 tangu kumwagwa, umri ambao nguvu yake hupimwa? Miradi mikubwa ina maabara zake. Nyumba za ghorofa mbili au tatu zinazoota kila kona ya jiji hazina. Fundi anapima kwa karai na ndoo, zege linaingia kwenye nguzo, na hakuna anayevunja hata kyubu moja. Sisi tuliosoma uhandisi hapa tunakumbuka tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lilipoporomoka mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu zaidi ya 30. Mimi nilikuwa bado sekondari wakati huo. Ndiyo sababu nilichagua zege.

Nilipata saiti 12. Kila saiti nilikwenda mara sita, na kila mara nilijaza kyubu tatu za milimita 150: moja ya kuvunja siku ya 7, mbili za siku ya 28. Jumla 216. Kyubu moja ina kilo nane hivi, kwa hiyo nilisafirisha zaidi ya tani moja na nusu ya zege kwa bajaji, nyingine nikiwa nimezipakata. Mvua za El Niño zilitukuta katikati ya kazi. Halafu ukaja mgao wa umeme. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere uliwashwa Februari 2024, na kabla ya hapo kulikuwa na siku maabara inakaa giza kutwa nzima. Mashine ya kuvunjia kyubu haiendi bila umeme. Siku ya 28 ya kyubu fulani inafika, umeme hakuna. Kesho yake umerudi lakini foleni ni ndefu. Keshokutwa umekatika tena. Kyubu zangu 41 zilipitwa na siku zao zikiwa zimelala kwenye tenki la maji.

Nataka mwanafunzi mwenzangu aelewe jinsi tatizo hilo lilivyokuwa dogo. Kyubu iliyopitwa na siku yake haijaharibika. Unaivunja siku ya 31 au ya 40 na kuandika 31 au 40. Umri wa zege ni moja ya taarifa ambazo modeli, yaani ile programu ya kukadiria nguvu niliyokuwa naijenga, inazihitaji, kwa hiyo kyubu ya siku ya 31 ina thamani yake yote. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimeandika kwenye pendekezo la utafiti kuwa zote zitavunjwa siku ya 7 na ya 28, nikaona aibu kumwambia msimamizi wangu kwamba mpango umevurugika. Ni hiyo tu. Aibu ya kusema umeme ulikatika, katika mwezi ambao nchi nzima ilijua umeme unakatika.

Usiku huo wa Februari nilipakia jedwali langu lote kwenye programu ya akili mnemba, nikaiandikia: jaza nafasi zilizo wazi kulingana na mwenendo wa data iliyopo. Ilizijaza zote, kila moja na desimali mbili. Chini ya jedwali iliongeza sentensi kwamba hayo ni makadirio na yasichukuliwe kama vipimo vya maabara. Sentensi hiyo niliifuta kwa mkono wangu wakati nanakili jedwali kwenye faili langu. Kila nikikumbuka mambo ya mwaka ule, narudi kwenye kitendo hicho cha kufuta, kwa sababu hapo siwezi kusema sikujua.

Kuna njia halali za kitakwimu za kujaza mapengo. Kama saiti moja haikurekodi uzito wa mchanga, unaweza kukadiria, ukaeleza njia uliyotumia, ukaonyesha ni namba zipi zimekadiriwa na matokeo yanabadilikaje ukiziondoa. Watafiti wanafanya hivyo na wanaeleweka. Nilichojaza mimi ni jibu lenyewe, ile nguvu ya zege ambayo utafiti mzima ulikuwa unaitafuta, halafu nikaichanganya na namba za kweli bila alama yoyote. Huko ni kutunga data, na kungekuwa kutunga data hata kama ningezitunga kwa penseli. Programu ilichoongeza ni wepesi. Kama ningelazimika kukaa na kubuni namba 41 moja baada ya nyingine, naamini mkono ungekuwa mzito kabla ya kufika ya kumi.

Kuhusu mapitio ya machapisho sitakaa sana, maana wengi wameshaonywa. Niliomba programu initafutie makala kuhusu zege na ujifunzaji wa mashine (kompyuta kujifunza kutokana na data), ikanipa orodha nzuri yenye waandishi, mwaka, jarida na kurasa. Machi, Dokta, msimamizi wangu, aliniomba nimtumie makala mojawapo aisome. Nilitafuta siku mbili. Jarida lipo, mwandishi yupo, makala haipo. Nilipokagua orodha yote nikakuta sita za namna hiyo. New York mwaka 2023 mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi za kubuniwa na programu, na mimi habari hiyo nilikuwa nimeisoma. Kwa hiyo usitaje makala ambayo hujaifungua mwenyewe. Ibandike namba yake ya utambulisho (DOI) kwenye kivinjari, isipofunguka iache.

Jambo la Aprili ndilo lililonikosesha usingizi kabla ya yote kufumuka.

Data yangu ilikuwa ndogo, kwa hiyo niliiongezea data maarufu ambayo karibu kila anayesoma zege na mashine ameipitia: sampuli 1,030 za zege zilizokusanywa na I-Cheng Yeh wa Taiwan, zenye taarifa nane kwa kila sampuli. Ni kazi nzuri na iko wazi kwa yeyote. Lakini michanganyo mingi ndani yake ina majivu ya makaa ya mawe, masalia ya tanuri la chuma yaliyosagwa, na dawa ya kulainisha zege. Saiti zangu hazikuwa na hata kimoja cha hivyo. Zilikuwa na mchanga wa Mpiji, kokoto za Lugoba, na kijana mwenye ndoo. Kwa wingi, modeli yangu ilikuwa imesomeshwa zege la kwingine.

Siku moja nilikuwa saiti ya Goba, nimekaa juu ya rundo la tofali nikiingiza namba kwenye simu. Fomeni akaja akasimama nyuma yangu.

"Dada injinia, hiyo programu yako inasemaje? Kila mfuko nikiuongezea ndoo moja ya mchanga, slabu si itasimama tu? Bosi analalamika saruji inakwisha."

Nikamuuliza anatia maji ndoo ngapi, akasema mbili. Nikaingiza. Ikatoka 26 na kidogo, yaani nyutoni 26 kwa kila milimita ya mraba; iliyotakiwa ni 25. Nikamwambia, "Inasema bado iko juu ya 25." Akashukuru, akaenda.

Jioni, nikiwa kwenye daladala, nikakumbuka nilichokuwa nimekiona kwa macho yangu mchana ule ule. Zege lilipokuwa zito kusukumwa na toroli, yule kijana alimwaga ndoo ya tatu, halafu nusu ya nne. Maji yakizidi, nguvu ya zege inashuka. Hilo linafundishwa mwaka wa kwanza. Modeli ilikuwa imejibu kuhusu zege la ndoo mbili, zege ambalo saiti ile halikuwepo, na mimi ndiye niliyelibeba jibu hilo na kulikabidhi kwa mtu anayemwaga slabu Jumamosi. Simu ya fomeni haikupatikana usiku kucha. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nilikuwa juu ya bodaboda.

"Shikamoo, fomeni."

"Marahaba. Mbona alfajiri?"

Nikamwambia jibu nililompa jana sikuwa na haki ya kulitoa, asipunguze chochote, afuate mchanganyo alioandikiwa na mhandisi wake. Alinitazama kwa muda.

"Sasa si ungesema hujui tu, dada?"

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Kuanzia siku hiyo niliiondoa modeli kwenye simu, na kwenye tasnifu niliandika ukurasa mzima kuhusu mahali ambapo isitumike. Ukijenga chombo cha namna hii, amua kabla hujakipeleka saiti nani ataruhusiwa kukiona kikijibu. Fundi akiona namba kwenye simu ya mtu anayeitwa injinia, kwake hayo ni maneno ya injinia. Hatakuuliza modeli ilisomeshwa kwa data ya wapi.

Mei nilituma muhtasari kwenye kongamano moja nikitamba kwamba modeli ina R mraba ya 0.94, kipimo cha jinsi makadirio yanavyolingana na vipimo halisi, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Ukakubaliwa. Juni Dokta akaniuliza niligawaje data ya kufundishia na ya kupimia. Nikasema kwa bahati nasibu, kama programu ilivyoniandikia kwenye kodi. Akachukua karatasi akachora kyubu tatu. Hizi zimetoka kwenye toroli moja, akasema, ni mapacha. Bahati nasibu ikimpeleka mmoja kwenye kufundishia na mwenzake kwenye kupimia, modeli inaulizwa swali ambalo imeshaonyeshwa jibu lake. Nikagawa upya kwa saiti, kwamba saiti inayopimia isiwe na hata kyubu moja kwenye kufundishia. Ikashuka hadi 0.63. Baadaye, nilipoondoa zile 41, ikawa 0.58, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye tasnifu. Kodi niliyoandikiwa haikuwa na kosa lolote la kisarufi na ilikimbia vizuri mara ya kwanza. Programu haikujua kwamba kyubu zangu ni mapacha kwa sababu sikuiambia, na sikuiambia kwa sababu sikuwa nimefikiria jambo hilo. Kodi yoyote utakayoandikiwa, hakikisha unaweza kuieleza mstari kwa mstari mbele ya mtu anayejua zege.

Na lile jedwali nililolipakia Februari. Lilikuwa na majina ya saiti, majina ya wakandarasi na namba za simu za mafomeni. Hawa watu walinikubalia nichukue zege lao kwa sharti moja, kwamba majina yao hayatatoka. Mimi niliyapeleka kwenye seva za nje ya nchi kwa kubofya mara moja. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa imeanza kutumika tangu Mei 2023, na inagusa hata kusafirisha taarifa za watu nje ya mipaka. Niliifuta historia ya mazungumzo, lakini sina namna ya kujua nini kilibaki wapi. Sasa kila saiti ninayoifanyia kazi inaitwa kwa namba tangu siku ya kwanza, na karatasi yenye majina halisi inakaa kwenye kabati lenye kufuli, haiingii kwenye kompyuta kabisa.

Agosti 12, 2024 nilipeleka maabara nakala ya jedwali langu la mwisho ili lithibitishwe. Anayethibitisha ni fundi wa maabara, mzee tunayemwita Babu, ambaye amevunja kyubu tangu kabla sijazaliwa. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya siku ya 7 na ya siku ya 28, taratibu, kisha akarudi juu akaanza tena.

"Hizi za saiti ya saba," akasema, "siku ya 7 ni theluthi mbili ya siku ya 28. Na hizi tena. Na hizi. Zote." Akavua miwani. "Zege la saiti halina adabu hivi, mwanangu."

Akafungua daftari. Akatafuta namba ya kwanza, haipo. Ya pili, haipo. Sikusema kitu. Akafunga daftari, akanishika mkono kama mtoto, tukatoka mpaka kwenye tenki nyuma ya maabara. Akaingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko na kutoa kyubu moja iliyoota utando wa kijani, akaifuta kwa kiganja. Maandishi yangu mekundu yalikuwa bado yanasomeka: S7, na tarehe 9/1.

"Hii umeipa ngapi?"

"Ishirini na sita, Babu."

"Na iko mikononi mwangu nzima."

Nililia pale pale kwenye tenki. Babu aliirudisha kyubu majini, akaniambia nikanawe uso kisha niende kwa Dokta mwenyewe, kabla yeye hajalazimika kwenda.

Dokta hakupandisha sauti. Alinitaka niandike barua inayoeleza nilichofanya, tarehe gani, kwa programu gani, na namba zipi zimeguswa. Nikauondoa muhtasari kwenye kongamano na kuwaeleza waandaaji sababu. Nikasogeza tasnifu kwa mihula miwili, na ada yake nikailipa kwa akiba niliyokuwa nimemwekea mama kwa ajili ya kuezeka nyumba. Kumweleza mama kwa nini bati halitanunuliwa mwaka huo kulikuwa kugumu kuliko barua ya Dokta. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sasa nimesema yote. Nikamwambia ndiyo, yote.

Wenzangu wengine waliniambia nilijitakia, kwamba kila mtu anatumia. Naam, na mimi bado natumia. Natumia kunyoosha Kiingereza changu, kutafuta kosa kwenye kodi, kunieleza kanuni niliyoisahau. Tofauti ni kwamba mwisho wa tasnifu kuna ukurasa unaotaja programu, toleo lake, nimeitumia wapi na wapi sikuitumia, na mazungumzo yote yaliyogusa utafiti nimeyahifadhi. Mwenye shaka ayasome. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, ilishasema mapema 2023 kwamba programu haiwezi kuandikwa kama mwandishi kwa sababu haiwezi kuwajibika kwa kazi. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni jambo la majarida. Baada ya tenki lile naielewa kwa namna nyingine: ile programu hata ingetaka, haina mkono wa kuingiza majini.

Nawaomba wasimamizi nao jambo moja. Mwanafunzi akikuambia mpango umevurugika, ipokee habari hiyo kama data. Dokta wangu angeipokea, nina hakika. Ni mimi niliyemwogopa bila sababu. Lakini nimewaona wanaoogopa kwa sababu.

Agosti 15 umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Tulizitoa kyubu zote 41, tukazipanga sakafuni, Babu akazipima uzito moja moja. Tulianza na ile ya saiti ya saba. Ilikuwa na siku 219. Babu aliiweka katikati ya bamba la mashine, akafungua mafuta yanayoisukuma, na mshale ukaanza kupanda. Zege zuri hukaa kimya muda mrefu kabla ya kulia. Hii ilianza kuvuja vumbi pembeni mapema, ikatoa mlio mdogo, mshale ukasimama kwenye kilonyutoni 328. Nikagawa kwa eneo: 14.6.

Siku 219, kyubu iliyokaa majini muda wote, 14.6. Siku yake ya 28 lazima ilikuwa chini ya hapo. Nguzo zilizomwagwa kwa zege hilo hilo zilitakiwa kuwa na 25, na kwenye jedwali langu zilikuwa nayo, na zaidi. Tukavunja pacha wake: 13.9. Babu aliandika zote mbili kwenye daftari, akachora jinsi zilivyopasuka, kisha akanipa kalamu nitie sahihi.

Nilimuuliza Dokta kuhusu ile ahadi ya kutotaja majina. Akasema ahadi ile inahusu kuchapisha. Haimzuii mtu kumwambia mwenye nyumba kwamba nyumba yake inaungua. Kabla ya saa sita tulimpigia mhandisi wa saiti ya saba, na alasiri tukampelekea matokeo kwa maandishi. Slabu ya ghorofa ya pili ilikuwa imeshakaa juu ya nguzo zile tangu Juni. Nilisimama barabarani ng'ambo ya geti, daftari nimelikumbatia, nikiwatazama vijana wanashusha mirunda kutoka kwenye fuso na kuiingiza ndani, mmoja baada ya mwingine, kuitia chini ya slabu.